Maharagwe ya Shimo la Sita

Kemuma alikuwa na tabia moja iliyowafanya majirani wamtazame mara mbili: kila asubuhi, kabla hata ya kuonja chai, alijidunga kidole. Aliipitisha sindano kwenye spiriti, akajichoma ncha ya kidole cha pete, akakamua tone moja la damu na kulipaka juu ya kipande cha kioo, likatandazika jembamba kama utando wa kitunguu. Alifanya hivyo kazini, kwenye zahanati moja ndogo ya Homa Bay, hatua chache kutoka gatini, na baada ya hapo ndipo chai ilipomshuka vizuri. Ulipomuuliza kwa nini, alikujibu kwamba kuna watu huamka wakahesabu kuku wao, na yeye hakuwa na kuku.

Ajabu ni kwamba kuisoma damu haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kuosha. Zahanati ile haikuwa na vioo vya kutosha, basi kila kilichokwisha kusomwa kilirudi kwenye karai la Kemuma, kikasuguliwa kwa sabuni, kikasuuzwa na kuanikwa juu ya kitambaa dirishani, tayari kwa kidole kingine. Miaka sita aliosha damu za watu. Aliosha za wavuvi wa Rusinga, za wachuuzi, za makarani na za maaskofu wawili, na anasema za maaskofu hazikuwa na tofauti yoyote.

Aliyekuwa akisoma ni mzee Javan, Mjaluo wa Karachuonyo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye ndiye aliyekalia kile kiti kilicho mbele ya hadubini, pale dirishani ambapo jua la asubuhi liliingia, likapiga kwenye kioo cha chini na kupanda hadi kwenye jicho. Na sasa, mwanzoni mwa mwaka wa 1969, Javan alikuwa anastaafu. Miezi mitatu tu, kisha kiti kingebaki kitupu.

Kemuma alikitaka kiti kile. Sitazunguka: alikitaka mpaka akawa anakiota, yeye mke wa Nyarangi muuza ndizi, mama wa watoto watatu, aliyeshuka kutoka milima ya Kisii akidhani atakaa mwaka mmoja tu kando ya ziwa. Aliwahi kukikalia kwa kuibia. Kabla ya kuosha kioo alikiweka kwanza chini ya hadubini, akachungulia, kisha akakitia karaini kama mtu asiyejua lolote. Siku Javan alipomfumania, Kemuma aliruka nusura aangushe karai. Mzee akavuta kiti nyuma kwa mguu.

"Kaa, nyar Kisii," alisema, yaani binti wa Kisii. "Ukiiba, iba ukiwa umekaa. Haya, niambie unaona nini."

Tangu siku hiyo akamfundisha. Chembe nyeupe za damu ni za aina tano, alisema, na kwa kuwa majina yake ya kitabuni yalikuwa marefu na Javan hakupenda maneno marefu, aliziita kama watu: wenye vifundo, ambao ndio wengi, wa duara, wakubwa, wekundu, na weusi, ambao unaweza kukaa mwezi usiwaone. Unawahesabu mia mbili, unaandika kila aina wangapi, basi. Javan aliweka alama kwa penseli. Kemuma penseli ilimchanganya, maana jicho likitoka kwenye hadubini kuandika, likirudi halijui lilipoachia.

Hapo ndipo bao lilipoingia. Nyarangi alikuwa na bao zuri la mbao, lile ambalo Wajaluo huliita ajua, na jioni moja mzee wa kanisa alipowatembelea akaliona limeegemezwa ukutani. Walikuwa Waadventista, na kanisa lao halipendi michezo ya namna hiyo. Mzee wa kanisa alilitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama chai. Kesho yake Kemuma akalibeba kazini, ili nyumba itakate na bao lisichomwe. Kuanzia hapo, kila aina ya chembe ikawa na shimo lake. Jicho lilibaki kwenye hadubini, na mkono wa kulia ukadondosha haragwe moja baada ya jingine: shimo la kwanza, la kwanza, la pili, la kwanza, la nne. Bao likapata wokovu.

Kosa lake, kama lilikuwa kosa, ni kwamba alitumia mashimo sita.

Miongoni mwa wale wa duara kulikuwa na wachache waliomkera. Walikuwa wakubwa kidogo kuliko wenzao, wenye mwili mpana wa rangi ya maji, na ndani ya mwili huo punje chache za wekundu wa zambarau, kama mtu aliyemwaga wimbi, ile nafaka ndogo ya uji, kwenye sahani safi. Javan aliwahesabu pamoja na wa duara wote, kwa sababu fomu ilitaka hivyo. Kemuma hakuweza. Mtu anayejua wimbi hawezi kuliona akajifanya hajaliona. Akawapa shimo lao, akawaita wenye wimbi. Katika damu yake mwenyewe, kila asubuhi, walikuwa tisa, kumi, nane, tisa. Aliwajua kama anavyojua hatua za mumewe mlangoni.

"Shimo la sita haliko kwa fomu," Javan alimwonya.

"Fomu haijaangalia hadubini, jaduong'," alisema Kemuma, akimwita mzee kwa Kijaluo, naye Javan akacheka mpaka miwani ikamtoka.

Kisha homa ikaja. Redio iliiita homa ya Hong Kong, na ilisemekana imezunguka dunia kwa meli na ndege. Huku kwetu ilishuka gatini na abiria. Watu waliingia zahanati wakishika viuno, mifupa inauma, macho mekundu, kikohozi kikavu. Kila mmoja alisema ni malaria, kwa sababu kando ya ziwa hata ukianguka kwenye mti ni malaria. Wakadungwa vidole, Javan akasoma, hakuona kimelea hata kimoja. Vioo vikateremka kwa Kemuma vikaoshwe.

Kemuma hakuviosha mara moja. Alivisoma vyote, wiki nane nzima, na alichokiona kilimnyima usingizi kwa furaha. Waliokuja siku ya kwanza au ya pili ya homa, shimo la sita lilikuwa karibu tupu. Sufuri, moja, sufuri. Wa duara wengine nao walikuwa wamepungua, lakini wenye wimbi walikuwa kama waliofagiliwa. Na wale waliorudi baada ya wiki, wakilalamika kikohozi tu, wenye wimbi walikuwa wamerejea, wamejaa tele.

"Wameenda wapi?" Javan aliuliza alipoonyeshwa.

"Kifuani. Si ndiko kunakouma? Damu ni barabara tu. Ukiona barabara haina watu, jua kuna mahali wameitwa."

Javan alikuna kidevu. Alisema hajawahi kusoma hivyo mahali popote, na hakuwa mtu wa kubisha wala wa kukubali haraka.

Mimi ninayekusimulia naweza kukuambia, kwa kuwa nimezaliwa nikachelewa na mambo yameshaandikwa. Miaka michache baadaye wataalamu wa nchi za mbali waliwatambua watu wa aina hiyo na kuwaita seli wauaji wa asili. Kirusi cha homa kikiingia kwenye seli ya pafu huigeuza kiwanda cha kuzaa virusi vingine. Kingamwili, ambazo hutengenezwa kwa ajili ya adui mmoja mahususi, huchukua wiki au zaidi kuwa tayari. Wenye wimbi hawangoji. Hupita wakizipapasa seli moja moja, na wakikuta iliyobeba alama ya kirusi, au iliyoficha kitambulisho chake cha mwenyeji, huzimwaga zile punje zao ndani yake, nayo hufa pamoja na kilichomo. Wakati huohuo hutuma habari za kuwaita wengine. Homa inapopamba moto wengi wao huiacha damu wakakimbilia mapafuni, kwa hiyo kwenye kioo huonekana wamepotea. Lakini mwaka huo Kemuma hakuwa na jina wala kitabu. Alikuwa na bao.

Mtihani ukapangwa siku ya Jumatano. Mtahini alitoka Kisumu, akiizunguka mikoa ya ziwa kuwapima wasomaji wa damu, na jina lake lilikuwa Simeon Abuto. Alikuwa mtu wa tai, kalamu tatu mfukoni na viatu vinavyong'aa hata baada ya barabara ya Migori, ambako alikuwa amelala siku mbili. Tena alikuwa mtu wa watu. Pale Migori alishika mkono wa kila aliyekutana naye sokoni, wenye kukohoa na wasiokohoa, kwa sababu kumnyima mtu mkono ni matusi na Bwana Abuto hakuwa na matusi. Alipofika kwetu akashika pia wa Javan, wa Kemuma, na wa mgonjwa mmoja aliyekuwa akitoka tu.

Alifungua sanduku lake la vioo vya mtihani, uso ukamwanguka. Mashimo ya barabarani yalikuwa yamevimaliza. Kilisalia kimoja tu, chenye malaria. Kemuma alikisoma haraka, akataja vimelea na aina yake bila kukosea. Abuto akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa nahitaji damu ya mtu mzima asiye na ugonjwa," alisema, akatazama huku na huku, kisha akatabasamu kama aliyekumbuka kitu kizuri. Akaingia chumba cha ndani, akarudi na kioo kilichokwisha kupakwa rangi. "Hesabu mia mbili. Nina majibu yake kichwani."

Kemuma alivuta kiti. Akakikalia kwa woga na kwa raha, mchana kweupe, mbele ya mtu mwenye tai. Akaweka bao kulia kwake. Abuto aliinua nyusi alipoliona. Maharagwe yakaanza kudondoka. Shimo la kwanza, la kwanza, la kwanza. Kemuma aliona mapema kwamba kuna kitu. Wenye vifundo walijaa mno. Wa duara walikuwa haba. Na shimo la sita lilikaa vilevile, tupu, tangu haragwe la kwanza hadi la mia mbili. Alirudi kuangalia kingo za kioo, akidhani wamejificha huko. Hapakuwa na mtu.

Akaandika: wenye vifundo mia na arobaini na nane, wa duara thelathini na wanane, wakubwa kumi na wawili, wekundu wawili, weusi hakuna. Akafikiri. Kisha pembeni, nje ya mistari ya fomu, akaongeza: wenye wimbi, hakuna.

Abuto alisoma fomu ile mara mbili.

"Wenye wimbi ni akina nani?"

Kemuma akaeleza, maneno yakimtoka kwa haraka, huku Javan akitazama dari. Abuto alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Mama," alisema, "ngoja nielewe. Aina ni tano, dunia nzima. Wewe umeongeza ya sita. Halafu, baada ya kujisumbua kuiongeza, umehesabu ukapata kwamba haiko."

"Ndiyo, Bwana Abuto."

"Umeumba kitu kisha ukakikosa!"

Ilichekesha, na Kemuma mwenyewe alijikuta anataka kucheka, mahali pabaya pa kucheka. Akakibana kicheko.

"Kukosekana ndiko kunanipa wasiwasi," alisema. "Bwana, mwenye damu hii yuko wapi? Yeye ako na homa ya Hong Kong. Hajui bado. Alazwe kabla ya jioni."

Abuto aliweka kalamu chini.

"Mwenye damu ni mimi," alisema. "Na sijawahi kuwa mzima kama leo. Nimekuwa nikijihesabu kila mwezi tangu nikiwa mwanafunzi. Wa duara wangu ni themanini. Themanini! Unaniandikia thelathini na nane, kisha unanilaza?"

Yako majigambo ya ng'ombe na majigambo ya shule. Ya Abuto yalikuwa ya damu. Alichukua kalamu ya wino, si ya risasi, akaandika chini ya fomu na ya nakala yake kwa herufi kubwa: AMESHINDWA. Akazikunja, akazitia mfukoni, akamwambia Javan kwamba mashua ya kisiwa cha Mfangano, kituo chake kinachofuata, inaondoka saa nane na hana muda wa kupoteza. Mlangoni akampa Kemuma mkono, maana ni mtu wa adabu, na kiganja chake kilikuwa cha moto.

Kemuma alirudi kwenye karai lake. Aliosha kioo kimoja mara tatu bila kujua. Machozi yalimjia akayafuta kwa kiwiko, kwa sababu mikono ilikuwa na sabuni. Miaka sita, na sasa kiti kile kingekaliwa na kijana fulani kutoka Kisumu ambaye angempelekea vioo vichafu bila hata kumtazama usoni. Javan alimpikia chai, akaitia sukari nyingi kupita kiasi.

Saa tisa hivi vikasikika vigurudumu nje. Alikuwa Phelesia, mama mmoja muuza samaki wa gatini, akisukuma mkokoteni wake wa omena, dagaa wa ziwani, na kupiga kelele watu wampishe. Juu ya magunia, tai imepinda na viatu vimeng'aa kuliko vitu vyote, alikuwa Bwana Abuto, akitetemeka mpaka mkokoteni ukawa unatetemeka naye.

"Huyu mtu wenu alipanda mashua akashuka mwenyewe," Phelesia alisema. "Anasema baridi. Kwa hili jua! Shikeni miguu, mimi samaki yangu inaharibika."

Wakamlaza. Kemuma hakusema nilikwambia. Anaapa hakusema. Lakini anakubali kwamba alipokuwa akimfunika blanketi alikuwa na furaha isiyofaa hata kidogo kwa mtu anayemfunika mgonjwa, na alilazimika kutoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Kisha akarudi na uso wa kanisani.

"Ni malaria," Abuto alinong'ona.

"Tutaangalia," alisema Kemuma, akamdunga kidole.

Haikuwa malaria. Alhamisi asubuhi alimdunga tena, akahesabu mia mbili, akamletea bao kitandani alione. Shimo la sita tupu.

"Umeona unachotaka kuona," Abuto alisema, macho yamefumbwa. Hata akiwa na homa ya namna ile alikuwa mtahini, na neno lake lilikuwa la haki: aliyehesabu ni yuleyule anayetaka kushinda. Kemuma alilitafuna neno hilo siku nzima.

Ijumaa shimo lilikuwa na haragwe moja. Homa ilianza kushuka alasiri. Abuto aliomba uji, akaumaliza, akaomba mwingine.

"Haragwe moja ni bahati tu," alisema. "Nihesabu kesho. Jumapili asubuhi naondoka na mashua ya Mfangano, na fomu zote zinatumwa Kisumu siku hiyohiyo. Ukiwa na la kunionyesha, ni kesho."

Kesho ilikuwa Jumamosi.

"Kesho ni Sabato, Bwana Abuto. Sifanyi kazi."

"Hata kwa hili?"

Hata kwa hili. Ulimi wake ulikuwa mzito kusema hivyo, lakini alisema. Kumwuguza mgonjwa Sabato inaruhusiwa, na Jumamosi angemletea uji na dawa kwa moyo mweupe. Ila kuhesabu kule hakukuwa kumwuguza mgonjwa. Kulikuwa kwa ajili ya Kemuma apate kiti, na hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote. Akamtazama Javan.

"Usinitazame, nyar Kisii," Javan alisema. "Mimi pia naenda kanisa."

Abuto akajigeuza upande wa ukuta. "Mimi ni Mkatoliki," aliuambia ukuta. "Jumamosi yangu ni siku ya kazi."

Kabla jua halijazama Kemuma alipanga meza yake. Aliosha kioo kimoja, akakikausha mpaka kikalia. Aliweka sindano mpya kando yake, na spiriti, na rangi, na kopo la maharagwe, na bao katikati, mashimo yote matupu. Ukimuuliza leo, atakuambia alikuwa anasafisha tu, kwa ajili ya unadhifu. Hivyo ndivyo anavyosema.

Jumamosi ile mahubiri yalikuwa marefu na Kemuma hakusikia hata sentensi moja. Aliwatazama waumini kutoka nyuma akajikuta anahesabu. Wanawake wa vilemba, wenye vifundo. Wazee wenye upara, wa duara. Mchungaji alikuwa kwenye wakubwa. Alipofika sabini na tatu Nyarangi alimsukuma kwa kiwiko, kumbe watu wote wamesimama kuimba na yeye amekaa anatikisa kidole hewani. Alisimama akaimba kwa sauti kubwa kupita wote ili afidie.

Jumapili alitoka nyumbani kabla chai haijachemka. Njiani aliiona mashua ya Mfangano imeshaliacha gati, tanga limejaa. Kitanda cha Abuto kilikuwa kitupu na kimetandikwa, blanketi limekunjwa kwa pembe nne sawasawa. Kemuma alisimama mlangoni mwa chumba cha hadubini, hakutaka kuingia. Kisha akaingia.

Bao lilikuwa mezani na maharagwe ndani yake. Hakuna aliyeyarudisha koponi. Shimo la kwanza limejaa rundo, la pili limejaa, wakubwa, wekundu. Kando ya meza kulikuwa na maharagwe yaliyodondoka sakafuni, ya mtu asiyezoea kuhesabu kwa mkono mmoja huku jicho likiwa kwingine. Na kwenye shimo la sita, ambalo halikuwamo katika fomu yoyote ya dunia nzima, Simeon Abuto mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa peke yake bila mtu wa kumwona, alikuwa ameweka maharagwe tisa.

Kemuma aliyahesabu mara nne.

Chini ya bao palikuwa na nakala ya fomu, fomu yenyewe ameondoka nayo. Neno AMESHINDWA lilikuwa bado lipo, maana wino haufutiki, lakini lilikuwa limekatwa kwa mstari ulionyooka wa rula. Chini yake alikuwa ameandika: "Mtahiniwa hakukosea. Aliyekosea ni mwenye damu. Apewe kiti." Na upande wa kulia, baada ya safu tano zilizochapwa, alikuwa amechora ya sita kwa penseli, kutoka juu hadi chini, kila kisanduku mahali pake. Juu ya safu hiyo hakuandika jina. Aliacha nafasi.

Kemuma alipiga ukelele uliomfanya Javan aje mbio na kijiko mkononi. Alimshika mzee wa watu mikono yote miwili akamzungusha chumbani, karai likapigwa teke, maji yakamwagika, na Javan akawa anasema "Miwani! Miwani!" huku naye anacheka. Wakarukaruka kama watoto walioambiwa shule imefungwa. Kisha Javan akavuta kiti nyuma kwa mguu, kama siku ile ya kwanza.

"Kaa," alisema. "Na leo si kuiba."

Akakaa. Kwa kuwa hakuna mgonjwa aliyefika bado, akafanya alichofanya kila asubuhi. Alijidunga kidole cha pete, akapaka, akatia rangi, akasubiri, akaweka mafuta, akaelekeza kioo cha chini kwenye jua. Maharagwe yakadondoka. La kwanza, la kwanza, la pili, la kwanza. Javan alikuwa anakausha sakafu na kuimba wimbo wa kanisani kwa Kijaluo. Haragwe la mia. La mia na hamsini. La mia mbili.

Kemuma aliinua jicho akalitazama bao. Akalitazama tena. Halafu bega lake likaanza kutikisika, na Javan akadhani analia, kumbe ni kicheko, kile kile cha nyuma ya tangi la maji, na safari hii hakukibana.

Akasimama, akakisukuma kiti taratibu chini ya meza, mahali pake, akachukua leso yake.

"Jaduong', shika kazi leo. Naenda nyumbani kulala."

"Siku ya kwanza ya kazi?" Javan alishangaa. "Kwani unaumwa?"

Kemuma akamwonyesha shimo la sita, tupu kabisa.

"Bado," alisema akitoka mlangoni, uso umejaa furaha. "Lakini jioni nitaumwa."